Asiambiwe Mpaka Amalize

Kibamba, Dar es Salaam
Jumapili, 12 Januari 2025

Mwanangu Flaviana,

Nimewafundisha watoto wa watu karibu maisha yangu yote kwamba barua huanza kwa salamu ndefu, kisha "dhumuni la barua hii". Leo naruka yote hayo, maana najua ukiiona bahasha hii unataka kusikia jambo moja tu. Tumetuma! Maombi ya vyuo vyote vinne vya Marekani yameondoka jana mchana kwenye kompyuta ya kaka yako, pale dukani kwake Manzese, katikati ya wateja wa fotokopi na singeli ya fundi mageti wa jirani. Ningekupigia, ila masista wenu wa shuleni wanaiona simu kama bangi.

Nikueleze tulivyochagua, usije ukasimuliwa na watu. Tulianza na vile vyuo ambavyo kila mtu anavijua, vile vya kuandikwa kwenye fulana. Ada yake ukiisoma unaweza ukaomba padre aitwe. Tukaenda kwa wakala mmoja mjini, kijana ana tai na kiti cha kuzunguka, akataka tumlipe kabla hata hajauliza jina lako. Nikamwambia asante baba, nikachukua kofia yangu. Ndipo Revelian akasema neno la maana (hutokea mara chache, usimwambie nimemsifu): "Baba, kwenye mitumba washamba wanagombania zile nguo za juu. Mwenye akili anachimbua belo mpaka chini."

Basi tukachimbua. Tumetafuta vyuo vidogo vidogo, kwenye miji ambayo hata Wamarekani wenyewe sidhani kama wanaifahamu, vinavyompunguzia mwanafunzi ada kwa sababu ya alama zake, awe wa kwao au mgeni. Huruma haimo, wanaangalia ufaulu. Halafu ni vyuo visivyokufungia kwenye somo moja. Asubuhi unasoma baiolojia, mchana historia, jioni ukitaka unapiga kinanda, na hakuna wa kukuuliza umepotea njia. Shangazi yako Apolonia kanipigia toka Kamachumu: "Sasa akimaliza hayo yote atakuwa nani?" Nikamjibu atakuwa mtu aliyesoma. Akacheka sana, akasema sisi Wahaya na kujidai kusoma tutazikwa nako.

Kitakachobaki baada ya punguzo nitakikopa benki. Mwalimu hana mali, lakini ana mshahara unaokopesheka, na mimi bado nipo kazini. Hilo usilibebe. Mama yako angekuwepo angekwishapika ndizi za sherehe kabla hata hatujajibiwa, unamjua. Wewe beba mtihani wa Mei tu.

Baba yako,
Mwl. Kamugisha


Mafinga
2 Februari 2025

Shikamoo Baba. Na wewe Kaka Reve shikamoo, ingawa hustahili,

Barua nimeisoma chooni, kwa sababu ndiko mahali pekee ambako Hope, rafiki yangu wa bwenini, hawezi kunichungulia begani. Nimefurahi mpaka nimeogopa. Hapa ukisema unachukua fizikia, kemia na baiolojia, kila mtu anakuita daktari, hata mpishi. Mimi sitaki kukataa udaktari, Baba. Nataka kujua ugonjwa unavyotembea mwilini na pia nataka kujua watu wa zamani walivyouzungumzia, nani alilaumiwa, nani alifukuzwa kijijini. Huku kwetu ukiingia mlango mmoja wanakufungia mwingine. Ndiyo maana nililia vile likizo. Samahani kwa kukulilia.

Madamu Gladness, mwalimu wetu wa taaluma, amekwishatuma alama zangu kwenye vyuo vyote vinne. Anasema niache kumuuliza kila asubuhi kama wamejibu.

Sasa naomba kitu, na nakiandika kwa heshima. Jibu likija baya, niambieni. Pesa ikikosekana, niambieni. Mama alipofariki mlinificha mpaka nikamaliza mtihani wa darasa la saba. Najua mlinionea huruma, na ni kweli niliongoza wilaya. Lakini siku Mama anazikwa mimi nilikuwa uwanjani nacheza rede, nacheka. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mimi si mtoto tena.

Baba, vaa sweta ukitoka alfajiri. Kaka, mpeleke akapime presha, najua hajaenda.

Wenu,
Flaviana


Manzese
28 Machi 2025

Flavi mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya. ELLERTON WAMEKUCHUKUA!

Nilikuwa namlaminishia jamaa cheti, simu ikaita tiii, nikasoma mara ya kwanza sikuelewa, mara ya pili nikapiga ukelele mpaka fundi mageti akazima mashine akajua umeme umenipiga. Cheti cha jamaa kimeungua kona, nitajua mwenyewe. Vyuo viwili vimekutosa, kimoja kimenyuti, hakijajibu mpaka leo, potelea mbali. Ellerton ndio wenyewe. Wanakupa punguzo la ufaulu kubwa kinoma, karibu ada nzima, kila mwaka, ilimradi alama zisishuke. Kinachobaki ni chumba na msosi, na hicho wanasema familia ilipe, kwa kuangalia mshahara wa Baba. Jibu wanalitaka mwisho tarehe moja Mei.

Kuna ishu moja ndogo, usipaniki. Baba kalazwa. Presha tu ilipanda, si unajua yeye na chumvi. Habari ya Ellerton nimempelekea wodini. Flavi, mzee kalia! Yule baba aliyekuwaga anatuchapa tukilia! Halafu kawaambia wagonjwa wote, na manesi, na mzee mmoja asiyesikia kamwambia mara mbili. Hajaandika mwenyewe kwa sababu mkono wa kulia umekufa ganzi kidogo, lakini daktari anasema utarudi. Kasema hivi, nakunukulia: "Mwambie benki nikitoka tu naenda."

Soma, sista. Mambo yamenyooka.

Kaka yako,
Revelian


Manzese
15 Aprili 2025

Kwa Madamu Gladness, Mwalimu wa Taaluma
Siri

Madamu, shikamoo.

Mie ni Revelian, kaka yake Flaviana Kamugisha wa kidato cha sita. Namba yako ninayo, ila kila nikitaka kupiga naanza kulia kabla hujapokea, na hapa kijiweni watu wananitazama. Kwa hiyo nimeandika, na bahasha nimempa dereva wa basi mkononi, akupe wewe tu.

Baba yetu amefariki. Ni Ijumaa ile ya tarehe nne, kwa kiharusi. Tumemsafirisha tukamzika nyumbani Kamachumu. Mama alishatangulia zamani, kwa hiyo tumebaki mie, Flaviana na shangazi yetu Apolonia. Flaviana hajui chochote.

Baba mwenyewe ndiye aliyesema. Siku ya mwisho mdomo ulikuwa umepinda, maneno yanatoka kwa shida, akanishika kwa ule mkono mzima: "Asiambiwe mpaka amalize." Kayarudia mpaka nimeitikia. Alikuwa mwalimu, anaelewa mtihani. Na Mama alipokufa tulimficha hivyo hivyo, akaongoza. Shangazi kakaa na ukoo msibani wakakata shauri kwamba neno la marehemu halivunjwi. Majirani wa jumuiya huko Kibamba tumewaomba wanyamaze.

Sasa Madamu, kuna jambo limenibana na sina wa kumuuliza. Nimewaandikia Ellerton kwamba baba aliyekuwa alipe kile kilichobaki hayupo tena, na mie duka langu ni la fotokopi. Wamenijibu vizuri, sikutegemea. Wanasema wana fungu la mwanafunzi aliyefiwa na mlipaji, na linaweza kubeba chumba na chakula miaka yote minne. Yote, Madamu! Ila maneno ya kaka hawayapokei. Wanataka waongee na Flaviana mwenyewe kwa video, awaeleze kwa kinywa chake hali ya nyumbani ilivyobadilika, halafu asaini. Na iwe kabla ya tarehe moja Mei. Nimewaomba wasogeze mpaka mtihani uishe, wamekataa, wanasema fungu linagawiwa siku hiyo.

Mtihani wao unaanza tarehe tano. Yaani nimwambie mtoto baba kafa, siku chache kabla hajaingia kwenye chumba cha mtihani? Na nisipomwambia, chuo kinakwenda. Akili yangu imegoma. Naomba ushauri wako, na tafadhali asijue.

Wako,
Revelian Kamugisha


Mafinga
19 Aprili 2025

Ndugu Revelian,

Pole sana kwa msiba. Baba yako nilizungumza naye kwa simu mara mbili kuhusu maombi ya Flaviana. Mara zote mbili alinisahihisha Kiingereza changu, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Mungu ampumzishe.

Umeniomba ushauri, nakupa bila kuzunguka. Mwambieni.

Nimekuwa mwalimu wa taaluma kwa muda mrefu na siri za namna hii nimetunza nyingi kuliko ninavyopenda. Kila familia inaniambia ni kwa faida ya mtoto. Lakini anayewaona siku ya mwisho ni mimi. Wanatoka kwenye chumba cha mtihani wanaimba, wanaandikiana majina kwenye mashati, halafu mmoja wao anamwona shangazi yake kasimama getini kajifunga khanga, na anaelewa kabla hajaambiwa. Kuna aliyenipiga kofi. Sikumlaumu. Hakuna hata mmoja aliyerudi baadaye kunishukuru.

Kompyuta ninayo na mtandao upo. Mazungumzo ya video naweza kuyapanga siku yoyote utakayotaja, na nitakaa pembeni yake. Lakini siwezi kumkalisha msichana mbele ya kamera azungumzie kifo cha baba yake kabla hajaambiwa kwamba baba yake amekufa. Na siwezi kumwambia mimi bila idhini yenu. Walezi ni ninyi.

Usidhani nakuficha upande wa pili. Wapo wanaoambiwa na wanaanguka. Mmoja alikaa mbele ya karatasi ya kemia kwa saa tatu nzima, akaandika jina lake tu. Nimemwangalia Flaviana kwa makini tangu nipate barua yako. Sioni dalili yoyote kwamba anajua. Amekuwa mkimya kidogo, basi, na anasoma kuliko wakati wowote, mpaka Sista anamfukuza maktaba. Nafikiri ana nguvu za kuambiwa. Nafikiri, sina hakika.

Nahitaji jibu lenu ifikapo tarehe ishirini na nane.

Wako katika kazi,
Gladness


Mafinga
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Kaka Reve, shikamoo,

Pasaka njema. Tumekula wali na nyama, na Hope kaiba mapaja mawili ya kuku wa walimu, akanigawia moja. Nimetubu nikiwa bado natafuna.

Naandika kifupi maana tumebanwa na marudio. Msalimie sana Baba. Mwambie nasoma kama alivyotaka, na mada zote za jenetiki nimezimaliza. Mwambie asijisumbue kuniandikia. Mkono upumzike, na yeye apumzike, asiwaze kitu chochote juu yangu. Mwambie nilimpenda sana kwa kunichimbulia vile vyuo. Nampenda, yaani.

Kuhusu Ellerton siulizi kitu, Kaka. Mtakachoamua nyie huko mimi nimekubali, hata kama ni hapana. Usihangaike kunitafutia maneno mazuri. Najua unabeba mengi. Unakula lakini? Ukikaa na njaa unakuwaga mkali, na wateja watakukimbia.

Shangazi naye msalimie. Mwambie ajikaze.

Mdogo wako,
Flaviana


Manzese
26 Aprili 2025

Madamu Gladness, shikamoo.

Asante kwa barua. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Na nitasema ukweli, Alhamisi nilikuwa nimekwishakata tiketi ya kuja Mafinga. Nilisema liwalo na liwe, Shangazi anitenge akitaka, nitamwambia mtoto kwa mdomo wangu, atalia, tutalia, halafu ataosha uso aongee na hao watu wa video.

Ijumaa nikapokea barua yake. Madamu, anamsalimia Baba. Anasema asijisumbue kuandika, mkono upumzike. Anamwelezea habari za jenetiki. Anamwambia Shangazi ajikaze, nadhani ni kwa sababu Baba anaumwa. Ameandika kwa furaha kabisa, na vituko vya kuku kaviweka. Mie nimekaa na ile barua kwenye ngazi za duka na sikuweza. Nimejiona nimesimama mbele yake namvua hiyo furaha, halafu namwambia haya, kaa hapa uwaeleze Wazungu. Akija akaandika jina tu kwenye karatasi, kama yule wako, atakuwa amekosa Ellerton na amekosa hata vyuo vya hapa. Na Baba nitakuwa nimemvunjia neno lake la mwisho.

Kwa hiyo jibu letu ni hapana. Asiambiwe. Ellerton nitawaandikia mie kwamba tumeshindwa.

Tiketi nimemuuzia abiria mwingine pale stendi ya Mbezi. Usinichukie, Madamu. Mie mwenyewe najichukia vya kutosha, na nimechoka kuwa kichwa cha familia, sikukiomba.

Revelian


Manzese
2 Mei 2025

Flavi,

Jumatatu ndiyo siku yenyewe, mdogo wangu. Kalamu mbili, maji, kitambulisho. Swali usilolijua liruke, utalirudia. Haya ni ya Baba, kaniambia nikuandikie. Anasema pia umwombee na yeye, na kwamba ukiingia mle ndani usimfikirie mtu yeyote wa huku, fikiria karatasi iliyo mbele yako. Yuko nyumbani Kibamba, anaendelea hivyo hivyo, anakunywa uji. Mkono bado.

Ya Ellerton tutaongea ukimaliza. Mambo bado yanazunguka kidogo.

Mie nakula. Usiwe na wasiwasi.

Kaka yako,
Revelian


Kambini JKT, Kigoma
22 Juni 2025

Kaka Reve, shikamoo,

Huku jeshini nako simu marufuku, kwa hiyo bado tuko kwenye barua. Tumenyolewa wote. Tunaamshwa kwa filimbi, tunakimbia tukiimba, halafu tunalima mahindi mpaka jua linakaa kichwani. Mikono yangu ina malengelenge. Nashukuru, Kaka. Jioni nalala kama gogo na siwazi.

Nilishindwa kukuambia tulipokuwa Kamachumu, kwa sababu Shangazi alikuwa ananishika mkono muda wote kama nitaanguka kaburini. Na wewe ulikuwa unanitazama kwa woga. Nilipotoka mtihani wa mwisho nikawaona mmesimama getini, nililia kweli, sikuigiza. Ila nililia kwa kuwaona mlivyokonda. Habari yenyewe nilikuwa nayo.

Nilijua, Kaka. Jumapili ya Matawi mama yake Hope alikuja kumtembelea mwanawe. Alikuja kwenye mkesha wa kwanza wa msiba wetu pale Kibamba, kesho yake akasafiri, kwa hiyo hakuwepo mlipowaomba watu wanyamaze. Akanikumbatia mbele ya kanisa na tawi lake mkononi, akasema, "Pole sana mama, baba yenu alikuwa mtu wa watu, na nimesikia mmemsafirisha kwa heshima." Nikamwambia asante. Nikamuuliza safari yake ilikuwaje. Nikamwomba asimwambie mtu yeyote kwamba ameniambia, hata Hope. Halafu nikaenda bafuni nikafungua bomba, nikalia mpaka maji ya bweni yakaisha na wenzangu wakanitukana.

Usiku ule nilikasirika na nyie sana, kwa kunifanyia tena kile kile. Nilitaka kumfuata Madamu Gladness nimwambie aniruhusu nije nyumbani. Kesho yake nikawaza tofauti. Nikajua hili litakuwa neno la Baba, siyo lenu. Ni yeye tu anayeweza kupanga mtihani mpaka akiwa anakufa. Nikawaza wewe uko peke yako Manzese, na kitu pekee kinachokupa usingizi ni kwamba mimi sijui. Nikasema safari hii niwafiche mimi. Ndiyo maana niliandika ile barua ya Pasaka, ya kuku na jenetiki. Niliiandika mara nyingi mpaka ikaonekana ya furaha. Nisamehe. Na zile salamu za Baba ulizonitungia za uji nilizisoma, nikakuhurumia.

Mtihani nadhani nimefaulu. Nilifanya alivyosema, nilifikiria karatasi.

Sasa naomba unijibu jambo moja, halafu sitauliza tena maisha yangu yote. Mliniambia Ellerton ilipita kwa sababu ya msiba, kwamba mlipaji hakuwepo tena, basi. Nimelielewa hilo. Lakini huku shambani, kichwa kikiwa hakina kazi, kinanirudisha pale pale. Mimi nilijua tangu Jumapili ya Matawi, na tarehe yao ilikuwa mwisho moja Mei. Ningekuja kwako wakati ule nikakuambia, "Kaka, najua, usinifiche," kuna kitu kingebadilika? Niambie ukweli. Nakuomba, Kaka. Safari hii usinifanye mtoto.

Mdogo wako,
Flaviana


Manzese
6 Julai 2025

Flavi mdogo wangu,

Barua yako imefika jana. Nilifunga duka, nikaisoma ndani. Sikujua kwamba ulijua. Pole, sista, na pole tena kwa lile bomba la maji. Uliteseka peke yako na mie nilikuwepo. Nimelia sana na sioni aibu kukuambia.

Swali lako nalijibu. Hapana. Kisingebadilika kitu. Chuo kinaangalia pesa, na pesa ilikuwa imekwisha siku ile ile Baba alipofumba macho. Niliwaandikia, nikawaomba, wakasema hawana namna. Hata ungekuja kwangu Jumapili ile ile ya Matawi, jibu lao lingekuwa ni hilo. Kwa hiyo litoe kichwani, mdogo wangu, usije ukalala nalo hata siku moja. Hukukosea popote.

Matokeo yakitoka tutaomba vyuo vya hapa na mkopo wa bodi, fomu nitakujazia mwenyewe. Shangazi kavuna kahawa kidogo, kasema atachangia nauli. Mikono ipake mafuta ya nazi, nimeyatuma na barua hii, mwambie afande ni dawa.

Madamu Gladness nimeongea naye kwa simu jana jioni. Anakusalimu. Ukitaka muulize na yeye, atakuambia hivyo hivyo.

Kaka yako,
Revelian